Samaki Waliokufa Bila Kidonda

Masomo ya kusoma nyumbani: Kutoka 7:17-21, Ezekieli 34:17-19, Hosea 4:1-3

 

Leo tunazungumza juu ya samaki. Si yule aliyemumeza Yona, wala wale 153 waliojaza wavu wa Petro. Tunazungumza juu ya samaki wa muto wetu, wale tilapia na kambale ambao mama zetu walikuwa wakiwabeba katika beseni kwenda nao sokoni, na ambao tuliwakuta asubuhi moja wakielea tumbo juu, mwanzoni mwa mvua, miaka mitatu iliyopita. Wengi wenu munakumbuka. Samaki hawakuwa na kidonda. Hakuna mutu aliyekuwa ametwanga buba na kuimwaga. Maji yalikuwa safi kwa macho, mutu angeweza kuhesabu mawe chini.

Jioni ya siku ileile tulihubiri, na tulihubiri kwa nguvu. Tulifungua Kutoka sura ya 7, mahali ambapo muto wa Misri uligeuka damu, samaki wakafa, maji yakanuka. Tukasema kwamba samaki wakifa, kuna dhambi iliyofichwa katika kartie. Tukasema kwamba kuna mikono inayofanya kazi usiku. Watu wakalia, wakaomba mupaka usiku wa manane. Tukarudi nyumbani tukishukuru kwamba ibada ilikuwa na moto.

Lakini neno likitoka mudomoni linatembea lenyewe. Siku ya tatu vijana wakaenda kwa mama muzee aliyekuwa akilima mboga kando ya maji, mujane anayeishi peke yake. Wakamwita mulozi. Wakang’oa mulango wa nyumba yake. Akakimbilia kwa binti yake, akabeba sufuria moja na kitenge. Sisi hatukutaja jina lake, ni kweli. Lakini tulipopata habari, hatukusimama siku ya Yenga kusema, hapana, hatukusema hivyo. Tulinyamaza wiki ya kwanza, tukanyamaza na ya pili. Kipindi hiki ni kwa ajili ya kunyamaza kule.

Kuna ndugu katika kusanyiko letu ambaye kazi yake ni kupima maji katika laboratwari ya izine. Si mutu wa maneno mengi. Katika maombi ya nyumba kwa nyumba anakaa nyuma. Alitujia jioni, akasema: “Baba Pasta, kabla hamujaendelea na habari ya ulozi, twende mutoni.” Tukaenda. Akatoa karatasi ndogo za manjano, zile zinazogeuka rangi, akachovya moja katika maji yaliyobaki kwenye shimo, pembeni, chini ya mufereji unaotoka upande wa juu. Karatasi ikawa nyekundu. Akasema neno moja tu: “Asidi.”

Tukamuuliza asidi inatoka wapi. Akatuonyesha kwa kidevu upande wa juu, kule kwenye basini za kompani na kile kilima cha tope lililokauka. Hakutaja kitu, na sisi hatukuongeza.

Nyumbani kwake alitufanyia jambo ambalo hatujalisahau. Alichukua kipande cha jiwe la kijani, lile ambalo watoto wote wa Katanga wanalijua tangu wakiwa wadogo, akalisaga likawa unga. Akaweka unga kidogo katika kikombe cha kioo, akadondoshea asidi ya batri (musifanye hivyo kwenu, inachoma macho na ngozi). Unga ukachemka, ukatoa povu, kisha ukaisha. Kilichobaki ni maji ya rangi ya buluu, safi, bila tope. Akatuuliza: “Jiwe limekwenda wapi?” Tukasema, limekwisha. Akasema: “Hapana, Baba. Jiwe lote limo humo. Mimina katika kitambaa, litapita. Chemsha, litabaki. Ongeza maji mengi, rangi itapotea, macho hayataona kitu tena. Lakini shaba imo.”

Wapendwa, hapa tunawaomba mutulie kidogo. Sisi tumezaliwa juu ya shaba. Wazee wetu waliiyeyusha wakafanya ile misalaba midogo ya biashara kabla Muzungu hajafika. Katika 1906 Union Minière iliundwa, katika 1911 tanuru la Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza, na baadaye nyingi katika familia zetu zikala kwa mushahara wa Gécamines. Hakuna mutu katika kanisa letu anayeweza kusema shaba ni ya shetani. Na shaba kidogo sana mwili unaihitaji, wa mutu na wa samaki. Jiwe la kijani likikaa kimya ndani ya mulima halimudhuru mutu. Habari ni nyingine pale shaba, zinki au kobalti inapokuwa imeyeyuka katika maji kama chumvi katika supu. Hapo inaweza kuingia mahali ambapo jiwe haliwezi kuingia.

Inaingia kwa samaki kupitia yale mashavu mekundu yaliyo chini ya kifuniko cha kichwa, ambayo vitabu vinayaita matamvua. Mama zetu wanayafungua sokoni kuona kama samaki ni mubichi. Tulidhani kazi yake ni kupumua tu. Ndugu yetu alitufundisha kwamba yana kazi nyingine, kubwa vilevile. Damu ya samaki ina chumvi. Maji ya muto hayana, au yana kidogo sana. Kwa hiyo chumvi inatoka katika mwili wa samaki muchana na usiku, na matamvua ndiyo yanayovuta chumvi kutoka majini na kuirudisha, chembe kwa chembe, kupitia milango midogo isiyoonekana. Samaki wa maji matamu anaishi kwa kazi hiyo. Akiacha siku moja, amekwisha.

Sasa shaba iliyoyeyuka inakuja na kukaa katika milango ile. Chumvi inaendelea kutoka, lakini hairudi. Damu inakuwa nzito, moyo unasukuma kwa taabu, mupaka unasimama. Zinki inafanya karibu hivyo, ila yenyewe inafunga mulango wa kalsi, ile inayojenga mifupa. Kadimi na risasi pia zinashika njia ya kalsi. Chuma na aluminiamu zinaweza kuganda juu ya matamvua, samaki akatoa ute mwingi akajaribu kujisafisha, na ute uleule ukamuziba pumzi. Ndiyo sababu hakukuwa na kidonda. Ukimupasua samaki wa namna ile hutaona mukuki wala jino. Hakuna mulozi aliyemupiga usiku.

Wengine walituuliza: kama maji yalikuwa mabaya hivyo, mbona sisi tuliyanywa na hatukufa? Ni swali zuri, na jibu lake lilitushangaza. Shirika la Afya Ulimwenguni linakubali katika maji ya kunywa shaba isiyozidi miligramu 2 kwa litri. Lakini kuna samaki wachanga ambao, katika maji mepesi yasiyo na chokaa, wanakufa kwa chini ya miligramu 0.1. Maana yake maji ambayo mutu anakunywa na kwenda kazini yanaweza kumaliza samaki wote wa kijito. Mutu anakunywa vikombe kadhaa kwa siku. Samaki anaishi ndani, maji yanapita katika matamvua yake kila wakati. Tilapia ni mugumu zaidi kuliko samaki wengine, na kambale ni mugumu sana, maana anaweza kupanda juu na kupumua hewa. Kwa hiyo mukiona hata kambale wanaelea, mujue jambo limepita kiasi.

Na kuna kufa ambako si kuelea. Kule Marekani kuna samaki anayeitwa samoni. Wataalamu waliona kwamba mikrogramu chache tu za shaba katika litri, kiasi ambacho hakimuui, kinamuharibia kunusa. Samaki mwenzake akijeruhiwa, maji yanabeba harufu ya hatari, na samaki muzima anapoinusa anatulia au anakimbia. Mwenye shaba puani hainusi, anaendelea kucheza mupaka adui anamufikia. Ndugu yetu alipotuambia habari hii tulinyamaza kwa muda, kwa maana tulijifikiria sisi wachungaji.

Tuseme wazi kwa nini tulinyamaza. Mabati ya kanisa letu tulipewa. Munayajua, ni yale ya buluu, yanang’aa mupaka barabarani. Tulipewa na kompani, kwa mukono wa musimamizi wao aliyekuja na gari jeupe, tukapiga naye picha. Hatukuiba, tulishukuru Mungu, na mvua hainyeshi tena juu ya watoto wa shule ya Yenga. Lakini samaki walipokufa, kulikuwa na mambo mawili ya kuhubiri. Moja lilikuwa juu ya ulozi, na lingine lilikuwa juu ya watu waliotupa mabati. Sisi tulichagua lile ambalo mutu wa kuumia alikuwa mujane asiye na gari. Hatukujua kwamba tunachagua. Au tulijua kidogo.

Ezekieli sura ya 34 inatukaripia. Bwana anasema na kondoo walionona. Hawashitaki kwa kunywa, maji ni yao pia. Anawashitaki kwamba wakiisha kunywa maji safi wanayavuruga yaliyobaki kwa miguu, na kondoo wengine wanalazimika kunywa yaliyokanyagwa. Katika Biblia nzima hatujui maneno yanayofanana na muto wetu kuliko hayo. Na Hosea sura ya 4 inaonyesha nchi inavyoomboleza pamoja na wanyama, ndege na samaki, lakini muangalie dhambi zinazotajwa pale: uongo, kuua, wizi, kukosa uaminifu. Mama muzee anayelima mboga hayumo katika orodha ile. Hata ile sura ya Kutoka tuliyoisoma kwa moto, tuliisoma kichwa chini. Muto wa Misri ulipigwa kwa sababu ya ugumu wa moyo wa Farao, yule mwenye nguvu. Sisi tulitafuta kosa kwa muzee mwenye jembe.

Tusidhani lakini kwamba maneno haya ni ya kompani peke yake. Tuna vijana wetu, makrezeri, wanaoosha mawe katika kijito kilekile. Tope lao halina asidi kama ile ya basini, na hatutaki kusema makosa ni sawa kwa uzito. Lakini tope nalo linafunika mayai ya samaki. Na sadaka yao tunaipokea.

Kuna jambo la mvua ambalo wakulima watalielewa upesi. Nchi yetu ina mawe mengi ya chokaa, kama yale yanayochimbwa Kakontwe, Likasi. Lile ganda jeupe chini ya birika linatoka huko. Kumbe chokaa katika maji inamusaidia samaki: kalsi inakaa katika milango ya matamvua kabla ya shaba, na shaba inakosa nafasi. Kwa hiyo samaki wetu walivumilia kiangazi chote. Ikaja mvua ya kwanza. Maji ya mvua ni mepesi, hayana chokaa, na yalipopita juu ya kilima cha tope yalibeba kwa siku moja yote yaliyokusanyika kwa miezi. Shaba ikapanda, asidi ikapanda, kinga ikapungua, vyote kwa usiku mumoja. Wale waliosema “mbona ni usiku mumoja tu, lazima kuna mukono wa mutu” walikuwa na haki ya kuuliza. Jibu ni hilo.

Ng’ambo ya mupaka, Zambia, walio juu ya mawe yaleyale kama sisi waliona jambo hili kwa ukubwa wa kutisha. Tarehe 18 Februari 2025, karibu na Chambishi, ukuta wa basini ya uchafu wa mugoti wa shaba ulipasuka. Karibu litri milioni 50 za maji ya asidi yenye madini zikaingia katika kijito cha Mwambashi na kutoka hapo katika muto Kafue. Samaki waliokufa walionekana mupaka kilomita 100 chini. Muji wa Kitwe, wenye watu wapata 700,000, ukafungiwa maji ya bomba. Serikali ikatuma ndege kumwaga chokaa katika muto, tani mamia, ili asidi ipungue. Tulipoisikia habari ile kuna muzee wa kanisa aliyemukumbuka Elisha, aliyetupa chumvi katika chemchemi ya Yeriko maji yakapona. Hatusemi Elisha alikuwa na chokaa. Ule ulikuwa muujiza, na hii ni kazi ya mikono. Tena chokaa haiondoi shaba, inaifanya iache kuyeyuka na ishuke katika tope la chini, na asidi ikirudi siku nyingine inaweza kuiamusha.

Sasa mambo ya nyumbani, na tunawaomba mama zetu musikie vizuri. Samaki aliyekutwa anaelea musimuokote. Musimukaushe juu ya moto, musimuuze. Moshi hautoi shaba wala risasi, kama vile kuchemsha maji kunavyoua vijidudu lakini hakutoi madini. Ukichemsha maji mupaka yapungue, madini katika yale yaliyobaki yanakuwa mazito zaidi. Tulikuwa tukifundisha katika kipindi cha afya kwamba maji yaliyochemshwa ni salama, basi. Tunasahihisha: ni salama kwa kuhara, si kwa mambo haya. Na samaki wa hai kutoka kijito kilicho chini ya mugoti, madini mengi yanakaa katika ini, figo, matamvua na mifupa, kuliko katika nyama. Tumbo na kichwa musiwape watoto. Afadhali zaidi kumutafuta samaki wa mahali pengine, tunajua bei ni kubwa. Zaidi ya watu 300 wa Katanga walipimwa mukojo na wataalamu wa iniversite ya Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji, habari ikatoka 2009: waliokaa karibu na migoti na izine walikuwa na kobalti kwa kiasi ambacho ni nadra kuonekana kwa watu wasiofanya kazi hiyo. Mwili wa mutu nao unaweka.

Mukiona samaki wanaelea tena, mupige simu kwa shefu wa kartie saa ileile, musingoje ibada. Muandike siku na saa. Mujaze chupa safi maji mupaka juu, muifunge, muiweke mahali pa baridi. Mupige picha. Muwajulishe walio chini ya muto kabla hawajateka. Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inasema kwamba mwenye haki ya kuchimba analipa hasara ambayo kazi yake imeleta kwa watu, kwa mali na kwa mazingira, hata kama hakufanya kosa. Musiogope basi kuandika barua. Sisi tumeandika yetu, na wazee watatu wa kanisa wametia sahihi. Tuliipeleka kwa shefu wa kartie na kwenye mulango wa kompani, tukapewa kopi yenye muhuri. Jibu halijafika. Musimamizi wa gari jeupe hatusalimii tena kama zamani. Kama wataomba mabati yao, tutaombea chini ya muembe, tulianzia pale.

Mwezi uliopita tulikwenda kwa mama muzee, kwa binti yake. Tulikwenda sisi pamoja na mashemasi wawili na mama wa kanisa. Tulipiga magoti. Hatukujieleza sana, maana kujieleza kulikuwa kunataka kuwa mahubiri mengine. Alitusikiliza, akaendelea kuchambua maharagwe. Kisha akauliza: “Baba Pasta, yale maneno mulisemea wapi?” Tukajibu: kanisani, na katika radio. Akasema: “Sasa munaniomba musamaha hapa jikoni?”

Ndiyo maana tumesema leo katika radio, na karatasi hii imechapwa. Mama huyo hakuua samaki. Hana ulozi. Sisi ndio tuliosema vibaya, na vijana waliong’oa mulango wameisha kutajwa mbele ya wazazi wao. Anataka kurudi kwake kabla ya mvua, mboga zinamungoja, ingawa tumemuomba amwagilie kwa maji ya kisima na si ya kijito.

Mulango bado hauna mbao. Tunakutana pale siku ya Posho, saa mbili asubuhi. Ndugu wenye nyundo waje na nyundo. Misumari tunayo, bawaba mbili bado zinahitajika.